Karani Mmoja Anatosha

Sumbawanga,
19 Novemba 2006

Baba mpendwa,

Shikamoo. Poleni na kilimo. Nasikia mvua imewahi huko Kate. Mama na kifua chake anaendeleaje? Mimi na dada Bertha ni wazima wa mwili.

Mwezi uliopita tajiri wetu, Mzee Zubery, aliniita. Alisema siku hizi biashara ni huria, kila mwenye lori ni mshindani, naye anataka kusoma bei za Mbeya na Tunduma akiwa sebuleni kwake. Ungo wa intaneti ulikuwa tayari juu ya paa. Ulibaki kusambazwa mtandao ndani bila waya, maana mkewe, Bi Ashura, alikataa kuta zake zitobolewe. Kwa kuwa nilisomea kompyuta, nichague kifaa mimi, ila kiwe cha bei nafuu.

Niliogopa sana kukosea. Huko Mbeya muuzaji alinisukumia rauta, ndicho kifaa chenyewe cha kusambaza mtandao, kubwa ya antena tatu, akisema nyumba ya tajiri haifungwi kitu cha kimaskini. Nikachukua ndogo ya antena moja. Nilijua kuta nene za tofali za kuchoma zingeipunguzia nguvu, lakini ikipata mahali pazuri ingetosha nyumba nzima, hata kufika ofisini kwetu ng'ambo ya ua. Nilimweleza tajiri hivyo, tena kwa kujisifu.

Shida ilikuwa vyumba vya ndani. Mwanamume wa nje haingii uani kwa Bi Ashura. Bertha huingia kila siku, kwani kazi yake ni kupeleka hati za mizigo kutoka ofisini hadi nyumbani kwa tajiri zikatiwe saini. Basi nilibaki barazani nikisogeza rauta, yeye akizunguka na kompyuta ya mkononi chumba hadi chumba, akipaza sauti kwamba imeshika, imepotea, rudisha kushoto wewe mtoto. Madereva wakamwita Mama Antena. Akawajibu kwamba yeye walau anapokea, wao hata simu za wake zao hawapokei. Tulicheka wote. Hatimaye ikashika kila mahali, nikaikaza dirishani.

Juzi Mzee Zubery aliniambia kwamba hati sasa zitamfikia kwenye kompyuta, hivyo karani mmoja anatosha. Akaniuliza abaki nani.

Baba, Bertha ndiye aliyeniombea kazi hii. Nikasema mimi naweza kazi zote mbili. Hakuna aliyenilazimisha. Tajiri akanitazama kidogo, akasema basi nimwambie mwenyewe, kwa kuwa ni dada yangu.

Sijamwambia. Leo mchana amenipikia ugali wa ulezi, akauliza lini tutafunga mtandao chumbani kwetu, maana fundi wa kuusaka, Mama Antena, yupo. Nikanawa mikono kabla sijashiba.

Kesho nitamwambia kabla hatujafungua ofisi. Akirudi huko nyumbani msimuulize habari za kazi. Na asipotaka jina langu litajwe wakati wa kula, msilitaje.

Mfikishie Mama shikamoo yangu, na wadogo zangu wote uwape salamu.

Mwanao aliyebaki kazini,
Flavian