Mjomba, Ni Risasi ya Koti au ya Mistari?

Chumba cha Mlinzi,
Lango la Pili, Shamba la Miwa.
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Na shikamoo nyingine, maana ya kwanza ni ya leo na ya pili ni ya miezi mitano ambayo sikukuandikia hata mstari. Hali yako? Goti la kushoto linakunja, au bado linakulalamikia ukipanda ngazi? Binamu muuguzi anaendeleaje na zamu zake? Na wajukuu pacha, umeshajua yupi ni yupi au bado unawaita wote "wewe"? Sisi huku wazima. Mke wangu mzima, ananenepa na anakataa. Mimi mwenyewe bado sura ipo, na meno yote yapo isipokuwa lile lililobaki kwenye bandari ile niliyokusimulia.

Mjomba, nisikufiche. Kimya changu hakikuwa cha kazi. Nilikuwa nimekununia. Unakumbuka siku uliyoondoka, mzigo uko juu ya gari, nikakushika mkono nikakuuliza: bunduki hii unaipa risasi gani hata humkosi nguruwe? Ukanitazama, ukacheka kidogo, ukasema, "Sijui, mpwa wangu." Gari likaondoka. Nikabaki na vumbi na maneno hayo. Nikasema moyoni, mzee ameninyima. Amenipa ulinzi, amenipa chumba, amenipa na kabati, lakini siri ameondoka nayo mfukoni.

Basi nikanuna. Mtu mzima kama mimi, niliyezunguka dunia kwenye meli ya mizigo nikiwapikia mabaharia wa lugha kumi na moja, nikanuna kama bibi harusi aliyecheleweshewa gari.

Sasa sikiliza yaliyonikuta. Kuna nguruwe pori dume amehamia kwenye miwa ya kitalu cha nne. Tumempa jina la Mkaguzi, kwa sababu hatafuni ovyo ovyo. Anapita mstari kwa mstari, anaangusha, anaonja, anaenda wa pili, utadhani ataandika ripoti. Hilo la miwa ni la kampuni. Langu ni jingine: wapaliliaji wanaingia kitalu hicho wiki hii, na kiongozi wao ni mke wangu. Nguruwe mzima huwakimbia watu. Nguruwe aliyejeruhiwa ovyo ndiye anayewafuata, na yule mwenzako wa zamani aliyeng'atwa na wa namna hiyo, akabaki na mapaja mawili ya ukubwa tofauti, unamjua kuliko mimi.

Meneja akaniita ofisini. Akasema ananipa mpaka Jumatatu, yaani kesho. Nikishindwa, ataleta kampuni ya ulinzi kutoka mjini na bunduki zao, na chumba hiki watakaa wao. Nikamwambia, "Bosi, wewe lala usingizi. Mimi nimefundishwa na mjomba." Mjomba, unajua mdomo wangu. Unatangulia mbele, mimi nafuata nyuma nikiokota.

Jumatatu iliyopita nikaamua kuwaonyesha. Mke wangu akachora nguruwe kwa mkaa kwenye boksi la friji, mzuri mpaka na mkia. Nikapima hatua thelathini kwenye shimo la kifusi. Risasi nilikuwa nazo mbili tu, za marisau, zile za chembe ndogo ndogo, kutoka droo yako. Wapaliliaji wote wako nyuma yangu, na Kiwi wa Lango la Kwanza, yule anayeng'arisha viatu mpaka anachania nywele akijitazama humo. Nikawaambia tazameni, hii huwa haielezwi, huwa inaonwa.

Nikafyatua. Tukaenda kutazama. Mjomba, marisau yametoboa boksi duara kamili, kama umepima kwa sinia, na katikati ya duara nguruwe amesimama salama. Hata mkia haukuguswa.

"Umemjengea wigo," Kiwi akasema. "Sasa hatoroki."

Nikafyatua ya pili. Duara la pili. Mke wangu akasema, "Baba, sasa ana ua na sebule." Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Nilicheka na mimi, lakini nilikuwa nacheka kwa mdomo tu.

Nilipofungua kile kidude cha mdomoni mwa mtutu, ile choki uliyofunga wewe, ndipo nikaona. Mtutu wote ni laini ndani kama glasi. Ila choki, urefu wa kidole tu, ina mifereji iliyojizungusha kama nyuzi za skrubu. Nimeibeba bunduki hii miezi mitano sijawahi kuichungulia mdomo! Na kumbe ndiyo iliyoyasokota marisau yakatoka yakitawanyika, kama maji ya nguo inayokung'utwa.

Nikajua basi, hii inataka risasi ya donge moja. Jumatano nikaenda mjini kwa muuza bunduki na kibali cha meneja cha risasi kumi. Nikaingia kwa kishindo, nikasema naomba risasi za donge. Akaniwekea maboksi mawili mezani. Moja donge lake ni la madini ya risasi matupu, nene, limechongwa mistari ubavuni. La pili donge ni dogo, limevalishwa koti la plastiki.

"Ya mistari ni ya mtutu laini," akasema. "Ya koti ni ya mtutu wa mifereji. Wako ni upi?"

"Yote miwili," nikamjibu.

"Haiwezekani, kaka."

Nikaitoa choki mfukoni. Akaigeuza, akaichungulia, akanichungulia na mimi kupitia humo humo. "Hii chotara," akasema. "Basi chukua ya koti. Mifereji inataka kitu cha kushika."

Kumbe kulikuwa na sajini mstaafu amekaa pembeni anasubiri mafuta ya bunduki. Akanyanyuka. "Usimpoteze mwenzako! Risasi inakuja mbio kwenye ulaini, inakutana na mifereji mlangoni kabisa. Koti litachanika. Mpe ya mistari."

"Afande," muuzaji akasema, "ya mistari itaacha madini yake kwenye hiyo mifereji, baada ya siku mbili itakuwa imejaa."

"Ataisafisha! Hana mikono?"

Nikauliza, "Afande, ulishawahi kuitumia choki kama hii?"

"Sijawahi. Lakini najua."

"Na wewe bosi?"

"Mimi nauza tu."

Mjomba, nilisimama pale nikiwatazama hawa wawili kama mtu aliyeshuka stesheni siyo. Koti lina maana. Mistari ina maana. Wakiongea mmoja mmoja naelewa, wakiongea wote sielewi hata jina langu. Mwisho nikasema, "Vizuri, nilikuwa nawapima tu, mimi jibu ninalo." Nikachukua boksi moja la kila aina, tano na tano, nikasaini kitabu, nikatoka kifua mbele, kichwani uji mtupu.

Sasa ndipo tunafika kwenye kabati lako. Nilitaka kufungia maboksi humo kwa kufuli, mlango ukagoma kufunga. Mke wangu akasema kabati limesimama upande, kuna kitu nyuma. Tukalivuta. Nyuma yake, vimeegemezwa ukutani, vipande saba vya plaiwudi vyenye matundu.

Mwandiko ulikuwa wako, wa penseli, ule unaolala kulia kama unatembea dhidi ya upepo. Mke wangu akanisomea, maana macho yangu kwa penseli siyo mazuri, na darasa la sita nililikimbia kabla hawajafika kwenye miandiko ya namna hiyo. Ubao wa kwanza: "Koti. Hatua hamsini. Nimekosa." Wa pili: "Koti. Nimekosa tena, tundu refu, risasi imeingia ubavu." Wa tatu: "Mistari. Kiganja kimoja." Wa nne: "Mistari. Zimetapanyika, sielewi." Wa tano: "Safisha mdomo kila baada ya nne." Wa sita: "Mistari. Afadhali." Na wa saba, Mjomba, ulikuwa na matundu matatu, kila moja na kwao, na neno moja kubwa chini yake: "Sijui."

Tarehe yake ni wiki ileile uliyomwangusha yule nguruwe wa kisimani kwa risasi moja, hadithi ambayo shamba zima linaisimulia mpaka leo.

Nilikaa kitandani. Mke wangu akaupangusa vumbi ubao wa saba. Mwishoni akasema tu, "Kwa hiyo alikujibu."

Ndiyo. Ulinijibu. Nilikuuliza swali mbele ya gari na ukanijibu ukweli mzima kwa maneno matatu, na mimi nikakuwekea kinyongo miezi mitano. Nisamehe, Mjomba. Mwenzio nilizoea kwamba mtu akiulizwa anajua. Mimi ndivyo ninavyofanya, hata nisipojua, hasa nisipojua.

Alhamisi nikashuka shimoni mimi na mke wangu tu, bila watazamaji. Ubao umesema mistari, lakini boksi la mistari la siku zako halipo tena dukani, hili ni la kiwanda kingine. Kwa hiyo nikapiga zote. Bunduki juu ya gunia la mchanga, hatua hamsini. Za koti tatu: zote zimefunikwa na kiganja kimoja! Kinyume chako kabisa. Za mistari tatu: moja juu, moja kushoto, ya tatu mpaka leo hatujui ilikoenda, pengine utaiona wewe huko. Nikasema basi, ni koti, nimemaliza. Mke wangu akasema, "Mjomba kaandika safisha mdomo." Nikafungua choki, nikaisugua, nikapiga mbili za mistari zilizobaki. Zimekaa jirani kama macho ya mtu.

Sasa nifanye nini? Nilikuwa najua kidogo, nikajaribu, nikarudi najua pungufu. Na nilipohesabu, ya mistari nimemaliza, zimebaki za koti mbili. Kwa hiyo Mjomba, aliyechagua siyo mimi. Ni mabaki.

Nikaandika ubao wangu, nikasubiri Jumamosi.

Jana asubuhi wapaliliaji walikuwa nyuma ya tela la miwa, mke wangu amewapanga, hakuna wa kuchungulia. Nilikuwa nimechomeka kijiti penye hatua hamsini, na nimejiapiza kwamba akiwa ng'ambo ya kijiti sifyatui, hata meneja akilia. Jua likiwa limepanda kidogo, Mkaguzi akatoka. Akasimama ng'ambo. Akanusa. Nikaishika bunduki kama inataka kunikimbia, mimi niliyeshika sufuria la mchuzi kwenye mawimbi ya ghorofa tatu. Mke wangu akapiga chafya nyuma ya tela. Mnyama akageuka, akaja upande wa kwangu, akavuka kijiti, akanipa ubavu.

Nilifyatua. Akaenda hatua sita, kisha akakaa chini taratibu, kama mtu aliyekumbuka jambo. Hakuinuka tena.

Basi kelele! Tela likatoa watu kama mzinga utoavyo nyuki. Meneja akaja na pikipiki, akamzunguka mara mbili, akapata tundu moja tu. Akaniuliza mbele ya wote, "Lakini niambie, ulijuaje uchague risasi ipi?"

Mjomba, mdomo wangu ulishafunguka. Hotuba ilikuwa tayari, ina bandari ndani yake na sajini na mambo ya mifereji. Nikamwona mke wangu ananitazama.

Nikasema, "Sijui."

Wakaangua kicheko. Kiwi akapiga makofi, "Ukoo wa siri huu! Hawasemi hata ukiwachapa!" Meneja akanigonga bega, "Maneno ya mjomba wako yaleyale. Haya, kaa na siri yako, na chumba chako." Nikarudia, nikasema jamani, kweli, sijui, nilitumia zilizobaki. Ndipo wakazidi kucheka. Kuna mama alikuwa anapangusa machozi.

Ni mke wangu peke yake ambaye hakucheka. Na mimi, Mjomba, nikakuelewa palepale, na mkono umeshika bunduki yako.

Mbao zako nimezirudisha nyuma ya kabati kwa mpangilio uleule, na wangu nimeuweka mbele. Ni wa nane. Hata hivyo meneja anataka nimwandikie aina moja ya kuagiza mwezi ujao, na hapa kalamu imesimama. Nimebaki na risasi moja ya koti, na akili yote imekwenda. Kama una wazo, niandikie. Kama huna, niandikie hivyo hivyo, safari hii nitakuamini.

Mke wangu anakuamkia na anasema goti ulikande kwa maji ya moto. Kiwi anakusalimu, viatu vyake pia. Msalimie sana binamu muuguzi, na uwabusu pacha wote wawili, ukikosea ukambusu mmoja mara mbili si kitu. Mungu akulinde huko, akupe usingizi mzuri na ngazi chache.

Mimi mpwa wako nikupendaye, nisiyejua,

wa Lango la Pili.