Ongeri na Kikapu cha 1974

Jemimah, uko? Tumetoka kanisani Ikonge sasa hivi na mzee wangu Okemwa bado anatetemeka kwa hasira.

Ati Ongeri, aliyekuwa akihubiri leo, amewaambia vijana: "1974, fainali ya basketiboli, nilipokonya mpira, nikachomoka peke yangu, nikafunga!" Peke yake!!

Nani angemfuata? Uwanja wa timu yao ulikuwa na kikapu kimoja miaka yote, kile cha upande wa shamba la majani chai. Cha pili kiliwekwa wiki ya mechi. Baada ya mapumziko wakabadilishana pande, na yule bwege akakimbilia kile alichozoea. Akajifunga! Wakashindwa kwa kikapu hicho hicho.

Okemwa, aliyekuwa kapteni wao, akasimama: "Ongeri, waambie ulifungia nani."

Unajua alijibu nini? Alifumba macho, akasema, "Tuombe."