Simu Iliyoamini Sijambo Yangu

Lodwar, wodi ya wanawake
Agosti 2013

Mamangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima, presha imetulia, na ule mguu wa kushoto haukusumbui ukiamka alfajiri kukanda unga wa mahamri. Naomba na Rukia awe karibu akusomee, maana naandika nikiwa nimelala ubavu na mwandiko wangu umekwenda upande.

Hapa ndipo mahali ambapo kila barua yangu husema, "Ama mimi huku sijambo." Leo nimepaacha wazi. Usidhani wino umekwisha.

..................................................

Rukia mdogo wangu, jina lako Rukia lakini leo usiruke hata neno moja. Humu mna mambo ya aibu. Yasome yote, na kama kuna wageni ukumbini, mpeleke mama chumbani kwanza.

Mama, mimi ni mgonjwa. Si wa leo wala jana. Lile tumbo nililokwambia ni maji ya huku, halikuwa maji. Mwaka jana niliposema nakwenda Eldoret kwa semina ya walimu, nilikwenda hospitali. Walinipitisha mpira wenye kamera kwa nyuma, wakaona utumbo mpana umejaa vidonda kutoka mwanzo hadi mwisho. Daktari, mama mtu mzima mwenye upole, akaniambia ugonjwa huu hauna kupona. Hulala, kisha huamka, na kazi yetu ni kuulaza. Akanipa vidonge. Vidonge vile hufurisha uso. Unaikumbuka ile picha yangu uliyokuwa ukimwonyesha kila anayekuja kununua mahamri, ukisema Turkana imempenda mwanangu, tazama alivyonenepa? Haukuwa unono ule. Ilikuwa dawa.

Kutoka kule Kakuma ninakofundisha hadi Eldoret si mchezo, siwezi kwenda kila mwezi. Kwa hiyo daktari akanishauri nipate simu ya kioo, hizi za kupapasa kwa kidole, nitie humo programu ya wagonjwa wa utumbo. Kila asubuhi programu inakuuliza hali, nawe unajibu. Mwisho wa mwezi majibu yote yanamfikia daktari kama mchoro, anaona kama unapanda au unashuka. Aliyeniwekea ni Akiru. Huyu ni mwalimu mwenzangu, Mturkana wa Katilu, tunakaa naye chumba kimoja nje ya kambi ya wakimbizi. Yeye ndiye wa kwanza kunikamata. Aliniambia, "Wewe naenda choo mara mingi sana. Hii si maji. Maji tunakunywa sisi wote."

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo nilipojichimbia kaburi.

Siku ya kwanza simu ililia saa kumi na mbili asubuhi. Ikaandika kwa Kiingereza jina langu, na swali: waonaje hali leo? Chini yake sura tano ndogo, ya kwanza inacheka, ya mwisho inalia. Mimi tangu kulala mpaka kuamka nilikuwa nimekwenda chooni mara saba. Lakini nimeulizwa hali, mama, na wewe ndiye uliyenilea. Mtu akikuuliza hali unasema njema, hata kama nyumba inaungua. Akishakaa, akauliza tena, ndipo unamwambia moto umeanzia wapi. Nikabonyeza sura inayocheka, nikangoja swali la pili. Halikuja. Simu ikaandika vizuri sana, tuonane kesho, ikanipa nyota, ikajifunga.

Nilicheka peke yangu. Nikasema simu hii haina adabu, haijui kusalimia. Kesho yake nikabonyeza vile vile. Sitakudanganya tena, mimi ni mwalimu na Kiingereza nakijua. Siku mbili za mwanzo yalikuwa mazoea. Kuanzia ya tatu ilikuwa aibu. Simu naichaji ofisini, juu ya meza ya walimu wote, na sikutaka mtu apite aione sura inayolia chini ya jina langu. Sura ile ya kucheka ilikuwa njia fupi. Ingekuwa na kitufe cha alhamdulillahi ningekibonyeza hicho, kwani hicho hakiwi uongo hata ukiwa kaburini. Lakini waliotengeneza simu hawakufikiria watu kama sisi. Na huku nako hakuna wa kuninyoosha. Waturkana husalimiana ejok, na jibu lake ni ejok, neno lile lile. Kutwa nzima napewa ejok, nami nairudisha.

Basi nyota zikajaa. Baada ya miezi michache daktari akaniandikia kwamba mchoro wangu ni mzuri kuliko wa wagonjwa wake wote, tupunguze vidonge. Tukapunguza. Mchoro ukaendelea kucheka, akavisimamisha kabisa. Unajua nilifanya nini, mama? Nilifurahi. Nilitazama ule mstari ulionyooka juu nikajiambia labda simu inajua nisilolijua, labda mimi ndiye ninayejidekeza. Mtu mzima mwenye akili zangu, nikaamini uongo nilioutunga mwenyewe kwa sababu ulirudi kwangu umechorwa vizuri.

Mwezi wa sita damu ikaanza. Si damu ya siku zetu, Rukia, soma tu, ni damu ya choo. Darasani nina watoto zaidi ya mia moja. Nikisikia tumbo limekaza nawapa kazi ya kunakili ubaoni, nakimbilia choo cha mabati nyuma ya uwanja. Nikikuta foleni naingia kwenye mathenge, vichaka vya miiba vya huku, nimejifunika leso kichwani nisijulikane. Siku mbili sikuwahi kufika popote. Akiru alinifulia sketi, na mimi nikashindwa hata kumshukuru. Ramadhani hii sikufunga hata siku moja, na kwenye simu nilikwambia nimefunga zote. Nisamehe. Na kila asubuhi, wallahi, bado nilibonyeza sura inayocheka. Ningemwambiaje daktari sasa? Kila uongo mpya ulikuwa unalinda wa jana.

Alasiri mimi huwafundisha Kiswahili akina mama wa kambini, wengi wao wa Sudan Kusini. Kuna mmoja anaitwa Mama Achol, anauza chumvi na sukari karibu na bomba la maji, mrefu, hacheki ovyo. Siku moja somo lilikuwa salamu. Niliandika ubaoni Hujambo, nikaandika Sijambo, nikaeleza kwamba maana yake ni sina jambo, hakuna baya lililonipata. Mama Achol akainua mkono.

"Mwalimu, kama mtu iko na jambo?"

"Anasema sijambo," nikamjibu, "kisha anaeleza."

Akauliza tena. "Na kama ile mtu ameuliza, ameshaenda?"

Wenzake wakacheka. Mimi nikawaambia wafunge madaftari, tumalizie kesho.

Nilikwenda chumbani nikafungua simu, nikabonyeza sura inayolia. Mama, sikujua mle ndani mna mlango. Maswali yalitoka moja baada ya jingine. Umekwenda mara ngapi? Kuna damu? Kidogo au nyingi? Ulishindwa kufika? Maumivu yapo wapi, onyesha kwa kidole. Umelala? Unakula? Unaogopa? Miezi yote ile yalikuwa yamenisubiri nyuma ya ile sura ya kucheka. Nilijibu kila moja. Nilipofika kwenye unaogopa, nilibonyeza ndiyo nikalia mpaka Akiru akaja akakaa mlangoni.

Netiwaki ilipotea siku mbili. Iliporudi, daktari akanipigia. Hata salamu hakutoa, aliuliza nani ameshika simu yangu. Alidhani mtoto ameichezea.

"Ni mimi, daktari," nikamwambia. "Zile za kucheka ndizo zilizochezewa."

Hakunigombeza, na ingekuwa afadhali angenigombeza. Alisema nisingoje hata kesho, nifike Lodwar. Gari ya shule ikanichukua. Barabara ile magari hufuatana na askari, hayasimami njiani kwa sababu ya majambazi, kwa hiyo sitakueleza nilifikaje. Akiru alikuwa nami na ndoo, basi. Hapa Lodwar wameniwekea maji, wameniongezea damu ya watu nisiowajua. Kijana daktari wa hapa aliomba aione simu. Akapandisha kidole, akapandisha, akanitazama nilivyolala, akasema, "Kwa hii simu, madam, wewe ni mzima kuliko mimi."

Jirani wa kitanda, mama wa Kisomali, ananisukumia maziwa ya ngamia wa mwanawe akisema yataponya. Nakunywa kwa heshima. Hayawezi, mama. Yule daktari wa Eldoret, aliyetumiwa picha za tumbo langu, amesema utumbo mpana umekuwa mwembamba kama karatasi ya kufungia mahamri yako, na unaweza kupasuka ndani. Lazima utolewe wote. Wakishautoa, haja itapitia tumboni, kwenye tundu, iingie kwenye mfuko uliobandikwa ubavuni. Labda kwa miezi, labda maisha yangu yote.

Mimi naogopa. Nakiri neno hilo mara ya pili maishani mwangu na mara ya kwanza kwako. Naogopa kisu. Naogopa ule mfuko kuliko kisu. Nitaswali vipi na haja imening'inia mwilini? Nitakaa vipi harusini na akina shangazi? Nani ataniposa? Tafadhali muulize mwalimu wa madrasa kuhusu udhu wa mtu wa namna hiyo, lakini usimtajie jina langu. La, mtajie. Nimechoka kutotajwa.

Ulikuwa ukisema mficha uchi hazai. Ulilisema kila siku, na kila siku ukanifundisha kujibu sijambo. Sikulaumu, mama. Nililishika moja nikaliacha jingine.

Gari ya wagonjwa itanipeleka Eldoret nikishapata nguvu kidogo. Wanataka mtu wangu awepo, na mimi nimekataa kukatwa mpaka uje. Daktari anasema siku za kungoja si nyingi. Najua hujawahi kupita Mombasa. Najua presha, najua mguu. Mwalimu Kahindi anayekuletea barua hii ni wa Malindi, mtu mwaminifu, na amekubali kuikatiza likizo yake akusindikize mpaka kitandani kwangu. Usimwambie utafikiria. Mwambie lini.

Utajiuliza kwa nini sikupiga simu. Nimepiga mara tatu kutoka kitanda hiki hiki. Kila mara nilijiandaa, nikasema leo namwambia. Unapokea, unasema, "Hujambo mwanangu?" na ulimi wangu unajibu wenyewe. Wewe unasema alhamdulillahi, unanieleza mbuzi wa jirani ameingia jikoni, unaniaga. Mara ya tatu nilikuwa nimeshasema "lakini". Simu ilikuwa imekatika.

Ndiyo maana nimeandika. Karatasi haiulizi hali.

Sasa rudi juu, kwenye ule mstari wa nukta. Rukia achukue kalamu aujaze kwa mkono wake, maana mimi mkono umekataa, nimejaribu. Aandike: Ama mimi huku nina jambo.

Nisalimie shangazi anayesuka mikeka, mwambie ule wa harusi yangu asiuharakishe. Nisalimie mjomba muuza samaki, ambaye hucheka kabla ya kumaliza kisa chake. Nisalimie bibi mkunga aliyenipokea duniani, umwombe dua yake ya siku ile airudie. Rukia, wewe nakusalimu kwa kukupa barua hii uisome kwa sauti. Najua ilivyokuwa ngumu.

Na wewe mama, ukifika Eldoret ukanikuta kitandani, utaniuliza hujambo. Najua utaniuliza, hata baada ya yote haya, maana ndiyo malezi. Na mimi nitajibu sijambo.

Usiondoke. Vuta kiti, uniulize tena.

Mwanao,
Mwanahamisi