Swali la Mtoto Aliye Mbali

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na lile goti limepunguza ubishi. Mimi sijambo, ila koo limekauka na masikio yanawaka moto kwa kuvaa hedifoni kutwa. Msalimie sana mjomba. Nimesikia ameanza tena kufuga bata, namwombea subira.

Utajiuliza kwa nini naandika na simu ipo. Mama, mimi na simu tumechokana. Isitoshe, kwa simu ningekulainisha kwa maneno, maana ndiyo kazi niliyofundishwa.

Barua yako nimeisoma mara nne. Unasema msichana mwenye adabu alikupigia, akakuambia antena yako itaacha kushika picha mwezi unaofuata, na kwamba umechaguliwa kupata king'amuzi pamoja na intaneti, kufungiwa bure. Kumbe cha bure kilikuwa fundi tu. Mkataba wa miaka miwili hakuutaja. Sasa kisanduku kinawaka taa nyekundu juu ya kabati, intaneti inapatikana ukisimama karibu na tangi la maji, na jirani yako mwenye antena kama yako anatazama taarifa ya habari kila siku bila wasiwasi. Uliuziwa mbuzi kwenye gunia. Ukipiga kutaka kufunga huduma, wanakurusha kwa huyu na yule mpaka unachoka.

Hayo yaliniudhi, lakini lililoniumiza ni pale uliposema huiamini tena akili yako, kwamba mjomba anakuita mjinga mbele ya wageni, na simu ikiita unaiacha iite hata ikiwa ni yangu. Ukaniomba, kwa kuwa nami ni mtu wa simu, nikutafutie huyo msichana. Si ili umgombeze, ila umuulize alikuwa na maana gani.

Nilikuambia nasaidia wateja wenye shida. Hiyo ilikuwa nusu ya ukweli. Ofisi yetu hupiga simu kwa niaba ya makampuni ya watu wengine, leo hili, kesho lile. Kila meza imebandikwa karatasi ya maneno ya kusema, na mteja akitoa sababu ya kukataa, jibu lake lipo pale pale. Kila Jumatatu asubuhi bosi hutukusanya, anatusikilizisha simu iliyouza vizuri kuliko zote za wiki, na mwisho tunapiga makofi.

Jumatatu moja, miezi mitatu iliyopita, nilisikia mtu anakohoa kidogo kabla ya kusema haloo. Nilikujua kabla hujatamka neno.

Ulikataa mara mbili kwa upole. Ndipo yule msichana, ambaye hukaa meza ya pili kutoka kwangu na wala si mtu mbaya, akakuuliza kama una mtoto aliye mbali. Ukasema unaye mmoja, naye pia ni mtu wa simu, na huenda watu humkatia, kwa hiyo wewe huwezi kumkatia mtoto wa mwenzako. Ukakubali kila kitu. Bosi akasimamisha sauti, akasema hapo ndipo mlango ulipofunguka, tupige makofi.

Nilipiga makofi, mama. Nilipiga kwa sababu wote walipiga, na kwa sababu bosi alikuwa ananitazama mimi. Alinitazama kwa kuwa swali la mtoto aliye mbali nililitunga mimi, mwaka jana. Nililitunga nikikufikiria wewe, jinsi unavyolegea mtu akikuuliza habari zangu. Sasa ofisi nzima inalisoma. Nilipewa zawadi ya kikombe, na ndicho hicho nilichokuletea, unachonywea chai.

Umeniomba nikutafutie aliyekudanganya. Nimempata, ni mimi. Kikulacho ki nguoni mwako. Naona aibu hata kuomba msamaha.

Wewe si mjinga, na barua hii msomee mjomba. Kuhusu kufunga, fanya hivi. Piga, sema unataka kufunga huduma, basi. Usitoe sababu hata moja. Wanaruhusiwa kukubembeleza mara mbili. Ukirudia mara ya tatu ni lazima wakupeleke kwa wanaofunga. Hao waambie unataka kusikilizishwa simu ya siku uliyouziwa. Humo mkataba hautajwi popote, hivyo hawana cha kukushikilia. Nimeisikiliza tena yote. Tarehe nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Bosi akijua nani kakuambia, nitafukuzwa, na kwa kweli sijui kama nitasikitika. Kuacha mwenyewe bado sijapata ujasiri.

Wape salaam majirani wote wanaoniulizia. Tunza goti lako, usipande ngazi kwenda kuigusa antena. Jumapili saa kumi jioni nitakupigia, na safari hii sina karatasi mbele yangu. Ukitaka kunikatia, nikatie, mama. Usinionee huruma kama ulivyomwonea yule.

Ni mimi mwanao,
Kasuku