Ufunguo wa Choo cha Wageni

Barani,
Malindi.
Jumatatu, 2 Machi 2026

Mpendwa mdogo wangu Baya,

Najua ungetangulia na shikamoo, basi marahaba. Habari za Kericho na baridi yake? Kile kifua kimetulia? Huku tu wazima. Mama goti linamsumbua akitembea mwendo mrefu, lakini mdomo wake hauna maradhi yoyote, kama utakavyosoma. Nimempa Thuku, dereva wa lori la maembe, barua hii akukabidhi mkononi. Sikupiga simu kwa sababu ungenikatiza, na jambo hili lataka usikilize mpaka mwisho.

Jipya kabisa ni hili. Mzee Mwambire, mwenyekiti wa kamati ya shule ya binti yako Kabibi, alitangaza jana kanisani kwamba kamati itanunua kufuli jipya la vyoo, na kwamba wazazi wataitwa kulipitisha. Ndiyo, kufuli la vyoo. Nilikuwepo, nilimsikia kwa masikio yangu.

Nirudi nyuma kidogo. Mwaka jana wafadhili walijenga pale shuleni vyoo vya vigae, sinki za kunawia mikono na tangi kubwa la maji ya mvua. Vikazinduliwa kwa ngoma na hotuba. Wageni walipoondoka tu, Mwambire akalifunga geti la vyoo na kuutia ufunguo mfukoni, ili wageni wakirudi wakute vigae vinang'aa. Unaijua tabia yetu: kikombe kizuri hukaa kabatini kikimngoja mgeni. Kikombe, sawa. Choo?

Watoto wakarudi kwenye choo cha zamani: shimo lililojaa, mbao zilizooza, na gunia mahali pa mlango. Upepo ukivuma, gunia linapanda. Wasichana wakubwa wakawa wanakwenda vichakani nyuma ya uzio, na wavulana hawakuchelewa kujua njia ya kwenda kuchungulia.

Mimi ni shangazi yake Kabibi, kwa hiyo ni kazi yangu kukuambia lile ambalo Mama asingeweza: binti yako amevunja ungo. Tangu hapo akawa hanywi maji kutwa, ili asihitaji kutoka darasani. Kisha akaacha kwenda shule kabisa. Nilipomuuliza, alinijibu bila kuinua uso kutoka kwenye mahindi aliyokuwa akipukuchua: "Shangazi, nitafutie kazi Kilifi. Hata ya kuosha vyombo. Nyumba za watu zina choo."

Hiyo ndiyo sababu ya barua hii. Mengine yote ni maelezo.

Nikaenda kuuliza, kama tulivyozoea sisi waandishi wa habari. Mwalimu mkuu, Bwana Kyalo, aliniambia, "Madam, mimi ni mtu wa kuja. Mambo ya kamati na mila zenu siyagusi." Alipomaliza, akaingia choo cha walimu wanaume, ambacho ufunguo wake anao yeye. Cindy, wa ofisi ya hao wafadhili mjini Kilifi, alikuwa mchangamfu zaidi. "Dada Pamela, sisi tunahesabu vyoo vilivyojengwa. Matumizi ni juu ya jamii." Nilimwomba arudie. Akarudia, neno kwa neno. Sidhani kama alisikia alichokisema.

Lakini Mwambire ndiye aliyenimaliza. Mlezi wa wasichana pale shuleni ni Mwalimu Idah, mke wa Japheth, mwanawe Mwambire. Sasa niambie wewe: mkaza mwana gani wa kwetu atasimama mbele ya baba mkwe amwombe ufunguo wa choo? Hata njia ya kwenda chooni hawapishani. Nilimwambia mzee hivyo hivyo, naye akatabasamu. "Mwanangu, sijamnyima. Hajaniomba." Nimewahi kuhoji wanyakuzi wa mashamba waliokuwa na haya kuliko huyo.

Basi Mama akasikia. Unakumbuka Mwambire ni mtoto wa mjomba wake, na wametaniana tangu utotoni. Akajikongoja na goti lake mpaka shuleni, akaikuta kamati imekaa kivulini inakunywa chai.

"Mwambire! Lete ufunguo. Mimi si mkaza mwanao, na tumbo limenishika."

"Nenda zako, bibi wewe. Hicho ni cha wageni."

"Haya, basi nimalize hapa hapa kwenye kiti chako. Wageni wakija utawaonyesha na hiki."

Kamati ilicheka hadi chai ikamwagika. Mtu akimkasirikia mtani wake hujiaibisha mwenyewe, kwa hiyo Mwambire naye alicheka, meno tu, akautoa. Mama akafungua, akaingia, akatumia, akanawa, kisha akawaita wasichana wote. Mzee alipodai ufunguo wake, Mama akamjibu: "Kilichochukuliwa na mtani hakirudi. Kwani umezaliwa jana?" Akaenda akauweka mkononi mwa Idah.

Hapo ndipo utamu ulipo. Mkaza mwana hawezi kumwomba mkwe ufunguo wa choo, na mkwe naye hawezi kumwomba mkaza mwana. Mila aliyojikinga nayo sasa imemfunga yeye. Idah hufungua kila asubuhi, Kabibi amerudi darasani, na mwenyekiti hana mdomo wa kuuliza. Ndiyo maana anataka mkutano umsemee.

Ametia na sharti: watakaozungumza ni wazazi waliozaa, si nyanya wala shangazi. Amemlenga Mama. Wazazi wengi wa pale wanamwogopa mwenyekiti, maana mahindi ya msaada hugawiwa na yeye. Kufuli jipya likipita, ufunguo wa Idah hautafaa kitu, na Kabibi ataondoka. Ameniambia mwenyewe, na mtoto yule hana tabia ya kutishia.

Kwa hiyo usinitumie pole, wala ujumbe wa kumwachia Mungu. Omba ruhusa kiwandani, uje. Hotuba haihitajiki. Simama, sema wewe ndiwe baba yake Kabibi na kwamba ufunguo ubaki kwa Idah, kisha ukae. Mwoga mmoja akisimama, wengine huona aibu kubaki wamekaa.

Msalimie Jedida mkeo, na umbusu Sanga mdogo. Mama anakusalimu sana. Anasema goti si kitu, ukija mletee majani ya chai ya huko. Kabibi hajui kwamba nimekuandikia, na usimwambie mpaka akuone.

Mungu akulinde njiani, na siku hiyo akupe ulimi. Mkutano ni Ijumaa, tarehe 13 Machi, saa tatu asubuhi, katika darasa la gredi ya nne. Mwambire hufika mapema. Wewe umtangulie.

Ni mimi dada yako, nikupendaye bila kukubembeleza,

Pamela