Mshahara wa Mwisho wa Zuhura

Jumamosi, katikati ya Julai. Songea leo kuna baridi ya kuvaa sweta mbili, na nimezivaa zote humu humu ndani. Lakini moyo umetulia. Kuna jambo nimelimaliza, na naona nikiliandika ndipo nitaamini kweli limekwisha.

Nina chumba cha kushonea sare za shule pale Majengo. Kwa miaka minne nilishona na Zuhura, binti wa Tunduru, mkimya, mwepesi wa mkono. Mwanzoni mwa mwezi wa tano alinikabidhi barua: mwezi ukiisha anaondoka, anaenda kufungua kibanda chake Bombambili. Aliandika kwa heshima, akanipa mwezi mzima wa kujipanga.

Nilichukia.

Nalikiri hapa kwa sababu sijalikiri popote. Zuhura hakunikosea kitu. Nilichukia kwa kuwa nilijua wazazi wengi wanaokuja kwangu wanaifuata mikono yake. Alishona mpaka siku ya mwisho, akaifuta cherehani, akaaga. Nami nikamwambia mshahara asubiri kidogo, biashara ngumu.

Biashara haikuwa ngumu hata kidogo. Hela ilikuwepo.

Wiki ya pili ya Juni akaja. Alisimama mlangoni, hakutaka kukaa.

"Dada Imelda, sijaja kugombana. Naomba mshahara wangu wa mwisho na zile siku za likizo ambazo sikwenda. Na barua tu kwamba nilifanya kazi hapa. Kuna shule inataka kunipa oda, wanauliza nimetokea wapi."

"Kawadai hao wateja uliowabeba," nikamjibu. Nilisema hivyo mbele ya watu wawili waliokuja kupimwa.

Akasema, "Haya, dada," akaondoka. Bora angenitukana.

Toka siku hiyo sikuwa na raha. Mara moja nilimwona sokoni, nikaweka simu sikioni nikajifanya naongea na mtu.

Jumapili iliyopita nilikwenda Lizaboni kumwona mama. Nikampa shikamoo, nikakaa, nikaanza kumsema Zuhura, nikitegemea nitaonewa huruma. Mama alikuwa anachambua maharage. Aliniuliza bila kuinua macho:

"Nguo alizoshona mwezi ule wa mwisho, watoto wamezivaa au hawajazivaa?"

"Wamezivaa, mama."

"Sasa wewe unamdai nini?"

Nilichukua ungo nikamsaidia kuchambua.

Jumatatu nikampigia afisa kazi, sikutaja jina langu. Akanieleza taratibu: mshahara wa siku alizofanya kazi ni wake, likizo ambayo hakuichukua inalipwa, na cheti cha utumishi lazima apewe. Anakokwenda hakukuhusu. Nilikata simu nikiona aibu, kana kwamba ameniona uso.

Kutoa pesa kulikuwa rahisi. Barua ndiyo iliyonitesa. Niliandika kwamba alikuwa mfanyakazi wa kawaida, nikaichana. Nikaandika nyingine fupi, kavu, nayo nikaichana. Ya tatu nikasema ukweli: kwamba hakuna mzazi aliyewahi kurudisha kola aliyoishona Zuhura, na kwamba kazi nyingi nilizosifiwa mimi zilikuwa zake. Nikagonga muhuri upesi kabla moyo haujageuka.

Leo nikachukua bodaboda hadi Bombambili. Kibanda chake ni kidogo, cherehani moja na meza ya kukatia. Aliponiona alisimama, uso umekaza. Nikampa bahasha.

"Nimechelewa, mdogo wangu. Nisamehe."

Pesa aliziacha kwenye bahasha. Alisoma barua, akairudia tangu mwanzo, midomo ikitembea.

"Dada, haya ya kola umeyaandika mwenyewe?"

"Mwenyewe."

Alicheka, kisha akajifuta macho kwa kipande cha kitambaa cha sketi. Akanivutia kiti. Tukaongea sana, bei ya vitambaa, wazazi wanaotaka sare leo kwa leo, mpaka nikasahau kwamba nilikuja nikiogopa.

Alinisindikiza hadi barabarani. Hapo kuna jirani yake, mama muuza mchele, na Zuhura akamwambia kwa sauti ya furaha:

"Huyu ndiye bosi wangu wa zamani! Ameniletea mshahara wangu, tena amekuja mwenyewe."

Yule mama alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Akaniombea Mungu anizidishie, akasema mabosi kama mimi siku hizi hawapo.

Nimerudi nyumbani nimefurahi, sitadanganya. Chai imenoga, na usingizi wa mchana ambao sikuupata kwa wiki nyingi nimeupata. Ila zile sifa zinanikwaruza kidogo. Hivi tumefika wapi, mpaka mtu kulipwa jasho lake iwe habari ya kutangaziana barabarani?