Kinkina kwenye kaburi la papa

Asikiaye la mukubwa ndiye anavunjika mguu, Bintu. Leo nimevunjika yote miwili.

Tumetoka kumuzika papa wangu huko kijijini Miti. Unajua alichoomba hospitalini: muche wa kahawa kwenye kichwa, muche wa kinkina, ule muti wa kinini, dawa ya malaria, kwenye miguu. Tonton Zagabe akaniambia, "Enda usalimie wageni, mimi kaka yake nitapanda." Nikamusikia! Nikaenda!

Narudi, kahawa imesimama peke yake. Kinkina iko nje ya lupango, nyuma ya uzio, mizizi juu, jua linaichoma.

"Tonton, hii ni nini?"

"Mwanangu, hatupandi uchungu kwa kaburi. Ile ni dawa tu. Iko na undugu gani na kahawa?"

Undugu gani! Bintu, undugu gani! Papa amemaliza maisha yake akifundisha ile ordre, kundi moja kubwa la mimea: kahawa, kinkina, hata yale maua ya pervenche ya mbele ya kanisa, maelfu ya aina, ukoo mumoja.

Nikaokota muche, nikamuonyesha mbele ya watu wote. Majani yanatoka mawili mawili, yanatazamana, na katikati kajani kadogo, sawasawa na ya kahawa. Nikasema, "Ungemusikiliza hata mara moja, ungejua. Umezika ndugu usiyemujua."

Maman akalia kuliko asubuhi.

Nimeupanda tena, lakini umenyauka. Sizani utapona. Na sasa familia inataka kesho nipigie tonton magoti.

Sipigi. Musamaha siombi.